Baba Balikuya: Jinsi Nilivyoisoma Vibaya "Na Tumfanye Mtu"

Nyumbani kwetu, katika komini ya Katuba hapa Lubumbashi, baba alipokuwa akirudi kutoka kazini jioni, mtoto aliyemwona kwanza alikimbia uani na kumwambia mama: "Baba balikuya." Baba alikuwa mmoja, tena alikuja peke yake akikokota baiskeli, lakini hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyethubutu kusema "alikuya", kwa maana hiyo ilikuwa namna ya kumtaja mtoto mwenzako na si namna ya kumtaja mzazi. Watu wa mji huu bado husema hivyo juu ya wazazi, wakwe na wazee wanaoheshimiwa, na wenye kujua Kibemba hawashangai, kwa sababu kwao pia baba mmoja huitwa batata, na akifika husemwa batata baisa, kana kwamba wamefika wengi. Wingi huo kwetu ni adabu, na hauhesabu watu.

Ninaanza na desturi hiyo kwa sababu ndiyo iliyonipotosha niliposoma Mwanzo 1:26, mahali ambapo Mungu anasema, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na kila Jumatano jioni huwafundisha Biblia watu wazima wa kanisa letu, uani kwa mama mmoja mzee ambaye sote tunamwita Nkambo, yaani bibi. Tunakaa kwenye mabenchi, mbabula ikiwa pembeni na sufuria juu yake, na umeme ukikatika tunawasha taa ya betri na kuendelea. Somo la uumbaji nimelifundisha mara nyingi, na kwa miaka sita nilipofika kwenye aya hiyo nilikuwa na jibu moja ambalo nililipenda mno. Kijana mmoja wa kundi letu, fundi wa magari, aliposema kwamba hapo ni Baba anazungumza na Mwana na Roho Mtakatifu, nilitabasamu kama mtu ajuaye zaidi. Nilimwambia kwamba hapo hapana hesabu, pana heshima. Kama sisi tunavyosema "baba balikuya", ndivyo Waebrania walivyomtaja Mungu kwa wingi, na ndivyo Mungu naye alivyojitaja, kwa kuwa yeye ni mkuu kuliko wote.

Nilikuwa na ushahidi mwingine wa kuipamba hoja hiyo. Marehemu baba alikuwa karani wakati wa ukoloni, na alituhadithia jinsi amri za mfalme wa Ubelgiji zilivyoandikwa: mfalme alikuwa mmoja, lakini amri yake ilisema "Nous avons arrêté et arrêtons", yaani sisi tumeamuru na tunaamuru. Majirani zetu Wakatoliki walioendelea umri wanakumbuka kwamba sala ya Baba Yetu kwa Kifaransa walifundishwa wakimwambia Mungu vous, yaani ninyi, hadi mwaka 1966 ilipobadilishwa wakaanza kumwambia "tu", yaani wewe. Kisha nilikuwa nimejifunza Kiebrania kidogo, kiasi cha kujua kwamba jina Elohim, lililotafsiriwa "Mungu" katika sura ile yote, lina kiishio cha -im, ambacho ni kiishio cha wingi. Basi nilichukua mambo hayo yote, adabu ya Katuba, amri za Brussels, sala ya Kifaransa na kiishio cha Kiebrania, nikayafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Nadhani mtu yeyote mwenye mzigo uliofungwa vizuri hivyo hapendi kuufungua.

Aliyeufungua ni Nkambo. Alizaliwa upande wa mto Luapula, hakusoma zaidi ya darasa la nne, na Biblia yake ya Kiswahili imeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa gunia. Lile jibu langu la sura ya kwanza alilipokea kwa kutikisa kichwa. Wiki chache baadaye tulifika sura ya tatu, nami nilikuwa nimekazana kueleza habari za nyoka na za mavazi ya ngozi, nikaipita aya ya 22 mbiombio. Yeye alinirudisha.

"Mwalimu," akasema, "hapa Mungu anasema huyu mtu amekuwa kama mmoja wetu. Mulituambia mfalme anaweza kujiita sisi, nami nilikubali, kwa sababu hata baba yangu tulimtaja hivyo. Lakini mfalme aliye peke yake anaweza kusema mtu fulani amekuwa kama mmoja wetu? Mmoja wa nani?"

Nilifungua kinywa nikakifunga. Hakuna mtoto Katuba anayesema "mmoja wa baba" akimaanisha baba yake aliye mmoja, na hakuna karani wa Ubelgiji aliyewahi kuandika kwamba waziri fulani amekuwa kama mmoja wa mfalme. Wingi wa heshima haugawanyiki. Ukitaka kuchukua mmoja ndani yake huupati. Nilimwambia, "Nkambo, nipeni wiki mbili," naye akasema haya, bukari (ugali wetu) inapoa.

Nilikwenda Kampemba kwa mchungaji mstaafu aliyenifundisha zile herufi za kwanza za Kiebrania. Nilitarajia anipe jibu nirudi nalo mfukoni. Badala yake alinipa kalamu na karatasi, akaniambia nichore mistari miwili: upande mmoja niandike kila nomino inayomtaja Mungu katika sura ya kwanza, upande wa pili niandike kitenzi kinachoifuata. Kazi hiyo ilichukua karibu saa moja na nusu, na nilipofika katikati nilikwisha kuona aibu yangu imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nomino ni Elohim, ina umbo la wingi. Vitenzi vyote ni vya umoja. Aya ya kwanza yenyewe inasema bara, aliumba, wala haisemi baru, waliumba. Akasema, akaona, akatenga, akaita, akabariki: mmoja, mmoja, mmoja.

Mtu wa Lubumbashi anatakiwa kusimama hapo na kutazama vizuri, kama nilivyotakiwa mimi kusimama miaka sita kabla. Katika adabu yetu nomino inabaki katika umoja na kitenzi ndicho kinachopanda: baba, balikuya. Katika Kiebrania cha Mwanzo nomino ndiyo iliyo na umbo la wingi, na kitenzi kinabaki chini katika umoja: Elohim, aliumba. Mambo hayo mawili hayafanani. Moja ni kinyume cha lingine kama mkono wa kulia ulivyo mbele ya kioo. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba Waebrania husema kama sisi, ilhali katika aya ya kwanza kabisa wanasema kinyume chetu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mfano wa kweli ulikuwa mdomoni mwangu siku zote, lakini katika neno lingine. Neno "Mungu" lenyewe, kwa umbo lake, limekaa katika ngeli ya mti na mto, na wingi wake ni "miungu" kama miti na mito. Hata hivyo hakuna anayesema "Mungu umesema" kwa kuwa mti umeanguka. Tunasema Mungu amesema. Vivyo hivyo mtume na mitume, kiongozi na viongozi, kipofu na vipofu: umbo linavuta upande huu, upatanisho unakwenda upande ule, kwa sababu upatanisho unafuata aliyetajwa na hautazami vazi la neno. Msikilizaji wa Kiswahili amezoea jambo hilo tangu utotoni bila kulijua. Tena tunayo maji, maziwa, mafuta na maisha, maneno yenye umbo la wingi ambayo hatuyatafutii umoja wake, kama vile Kiebrania nacho kilivyo na mayim kwa maji, shamayim kwa mbingu na hayyim kwa uhai, yote yakiwa na umbo la wingi. (Wanafunzi wangu hupenda kusikia kwamba maji na mayim yanakaribiana kwa sauti, huwa nawaambia kwamba ni bahati tu, wasijenge nyumba juu yake.)

Mzee yule aliniongoza pia kwenye mahali ambapo jina hilo hilo linatumika kwa wengine. Wafilisti katika 1 Samweli 5 wanamwita Dagoni kwa neno hilo, nalo lina umbo lile lile la wingi, ingawa wanamtaja Dagoni mmoja. Ashtorethi wa Wasidoni, katika 1 Wafalme 11, anaitwa hivyo pia. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kiishio cha -im kinathibitisha Utatu, atalazimika kumpa Dagoni Utatu wake. Hata neno la bwana mwenye mtumwa, adon, mara nyingi linavaa wingi bwana akiwa mmoja: Isaya 19:4 ina adonim ikifuatwa na kivumishi cha umoja, bwana mkali, si mabwana wakali. Upo basi katika Kiebrania wingi wa ukuu, na katika hilo sikuwa nimekosea kabisa. Lakini wingi huo hukaa juu ya nomino. Na neno likiwa na maana ya miungu wengi kweli, sentensi haifichi: amri ya kwanza inakataza elohim aherim, miungu mingine, na kivumishi nacho ni cha wingi.

Nisiseme kwamba kanuni hiyo haina doa. Katika Mwanzo 20:13 Ibrahimu, akimweleza Abimeleki jinsi Mungu alivyomtoa nyumbani mwa baba yake, anatumia kitenzi cha wingi, na katika 35:7, pale Betheli, Mungu "alimtokea" Yakobo kwa kitenzi cha wingi vilevile. Tafsiri zetu za Kiswahili zimeyasawazisha kuwa umoja, nami siwalaumu watafsiri, ila mwalimu anayefundisha kwamba Kiebrania hakiteteleki hata mara moja atakuja kuaibishwa na mwanafunzi mwenye subira, kama mimi nilivyoaibishwa.

Hapo ndipo nilipolitambua kosa lenyewe, nalo lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeunganisha maswali mawili yasiyohusiana. Swali la kwanza ni kwa nini jina Elohim lina umbo la wingi. Jibu lake ni la sarufi, na kitenzi kilicho kando yake kinalimaliza. Swali la pili ni kwa nini Mungu huyo, mwenye vitenzi vya umoja tangu aya ya kwanza, anafungua kinywa katika aya ya 26 na kusema naase, tufanye. Hilo haliwezi kujibiwa kwa kiishio cha jina. Mtu huitwa kwa jina lenye umbo lolote na bado husema "mimi".

Je, wafalme katika masimulizi ya Kiebrania husema "sisi" kwa ukuu wao? Nilitafuta kwa wiki nzima, jioni baada ya jioni, nikitamani kuwapata. Farao akimpa Yusufu mamlaka katika Mwanzo 41:44 anajitaja kwa umoja: mimi ni Farao. Daudi husema mimi, Sulemani husema mimi, na Nebukadneza katika kiburi chake chote husema mimi. Kilicho karibu zaidi ni barua ya mfalme wa Uajemi katika Ezra 4:18, ambaye anataja waraka mliotuletea, na hapo hapo anasema umesomwa mbele yangu. Lakini barua hiyo ni ya Kiaramu, ya mfalme wa Uajemi. Sikuweza kuining'iniza sura nzima ya uumbaji kwenye msumari huo.

Jirani yetu Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alinisikia nikilalamika kuhusu jambo hilo kando ya barabara, akaniambia kwamba katika Kurani Mwenyezi Mungu husema "Sisi" mara nyingi mno, na msikitini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba miungu ni wengi. Ni kweli, na Kiarabu kinaruhusu wingi wa kujitukuza. Maneno yake yalinifanya nimwelewe Saadia Gaon, mwalimu mkubwa wa Wayahudi wa karne ya 10, ambaye aliieleza "tumfanye" kuwa ni desturi ya wakuu kujitaja kwa wingi. Saadia aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Miaka mia mbili baadaye Ibn Ezra, mfafanuzi mwingine wa Kiyahudi, alimkatalia. Nilipoyasoma hayo nilijisikia nafuu kidogo, kwa sababu mtu mwenye elimu mara elfu kuliko mimi huenda naye aliisikia aya ya Kiebrania kwa sikio la lugha aliyoishi ndani yake.

Wayahudi wenyewe wamelihangaikia neno hilo tangu zamani. Katika mji wetu ipo sinagogi iliyojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka Rhodes, na nikiwa mtoto nilipita kando ya ukuta wake mara nyingi bila kufikiri kwamba walioswali ndani walirithi mabishano ya karne nyingi juu ya "tumfanye". Midrashi ya Bereshit Rabba, maelezo ya kale ya marabi juu ya Mwanzo, inasimulia kwamba Musa, alipokuwa akiandika Torati na kufika hapo, alisita na kumuuliza Mungu kwa nini anawapa wazushi nafasi, akajibiwa aandike tu, na atakaye kukosea akosee. Talmudi, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika sehemu ya Megila, inasema wazee waliomtafsiria Torati mfalme Ptolemayo waliandika "nitamfanya" ili kuepusha tatizo. Lakini Septuaginta tuliyo nayo mkononi, ile tafsiri ya kale ya Kiyunani, haikubadilisha neno, inasema tufanye. Hofu ilikuwapo, na waandishi hawakuifuta aya.

Aliyenisaidia kuliko wote ni Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Troyes huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Yeye anasema Mungu alishauriana na malaika, si kwa kuhitaji msaada wao, bali kwa unyenyekevu, ili mkubwa ajifunze kuomba rai kwa mdogo. Na anayetaka kuitumia aya hii kwa uzushi, jibu lake limeandikwa kando yake, kwa maana aya ya 27 inasema akaumba, wala haisemi wakaumba. Nilikuwa nimeisoma aya ya 27 mara mia. Sikuwahi kuisoma kama jibu la aya ya 26.

Maoni hayo ya baraza la mbinguni yana mizizi ndani ya maandiko yenyewe, na kwa sasa ndiyo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi. Katika 1 Wafalme 22 nabii Mikaya anaona jeshi lote la mbinguni limesimama kulia na kushoto kwa kiti cha enzi, na Bwana anawauliza nani atamdanganya Ahabu. Ayubu 38:7 inawataja wana wa Mungu wakipiga kelele za furaha misingi ya dunia ilipowekwa. Isaya 6, maserafi wakiwa wamesimama pale, Bwana anauliza nimtume nani, na nani atakwenda kwa ajili yetu. Ni- na -etu zimekaa katika pumzi moja, bila kugombana. Ukiwa na picha hiyo, "mmoja wetu" ya Nkambo inapata mahali pa kukaa.

Pia wako wasemao kwamba hapo Mungu anajishauri mwenyewe, na Kiswahili kinaweza kuwapa mkono: mtu aliye peke yake na injini iliyokataa kuwaka husema "ngoja tuone", na mjane anayeishi chumba kimoja hukukaribisha "kwetu". Naipenda hoja hiyo, lakini nimejifunza kuziogopa hoja ninazozipenda kwa sababu ya Kiswahili changu, na tena inakwama mahali pale pale, penye "mmoja wetu".

Ilibaki habari ya yule kijana fundi, ambaye nilimtabasamia miaka yote. Hoja yake ina ukoo mrefu: Justin, shahidi wa imani wa karne ya 2, katika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, aliitumia aya hii kuonyesha kwamba Mungu alizungumza na aliye tofauti naye, akakataa kwamba ni malaika, Augustino naye aliisoma kwa Utatu. Mimi nauamini Utatu, na nimebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, lakini naona imani hiyo imesimama juu ya Injili na mitume, na haihitaji kukopa kwa mwandishi wa Mwanzo asiyekuwa akizungumzia jambo hilo. Calvin mwenyewe, yule kiongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, katika maelezo yake ya Mwanzo ya mwaka 1554, anawaonya wasomaji wanaotafuta nafsi tatu ndani ya jina Elohim kwamba hoja hiyo haina uzito. Kisha akifika aya ya 26 anawakataa malaika na kukubali kwamba hapo Mungu anashauriana ndani ya nafsi zake. Yaani hata yeye aliyatenganisha yale maswali mawili niliyoyachanganya, ingawa katika lile la pili simfuati.

Wiki mbili zikaisha. Jumatano ile nilifika mapema, nikamsaidia Nkambo kupanga mabenchi, na watu walipokaa nikawaambia, bila kuzungukazunguka, kwamba nilichowafundisha juu ya "tumfanye" hakikuwa sahihi, na kwamba wale waliokwenda kukifundisha kwa wengine nyumbani wawarudie. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri, kwa kuwa mmoja alisema alikuwa amekifundisha hadi Likasi kwenye msiba wa shemeji yake. Kwa kijana fundi niliomba radhi peke yake, kwa lile tabasamu. Akacheka, akaniuliza kama sasa namkubalia. Nikamwambia simkubalii bado, ila namsikiliza.

Kisha tuliisoma aya ya 27 polepole, kwa Kiswahili tu, kwa kuwa niligundua kwamba tafsiri yetu inalishika jambo hili vizuri kuliko Kifaransa ninachokifundisha. "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Kiambishi cha mtendaji hakibadiliki: a-, a-, a-. Kinachobadilika ni mtendwa: kwanza -m-, kisha -wa-. Katika Kiebrania ni vivyo hivyo, oto kisha otam. Na katika aya ya 26 neno adam, ambalo ni umoja, linafuatwa na kitenzi cha wingi, wakatawale. Kwa hiyo mwandishi anacheza na idadi pande zote mbili: kwa Mungu, nomino ya wingi na kitenzi cha umoja; kwa mtu, nomino ya umoja na kitenzi cha wingi. Nilikuwa nimeutazama wingi wa Mungu kwa miaka yote, nikaupita wingi wa mtu bila kuuona, nao umeandikwa katika sentensi ile ile.

Nkambo alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba kwao Luapula mfumu, yaani chifu, alipokuwa na shauri aliketi na wazee na kusema tufanye hivi, lakini neno lilipotoka nje lilikuwa la kwake peke yake, na aliyelivunja alimvunjia yeye. Nilitaka kumwambia tujihadhari, tusije tukaiweka tena desturi yetu ndani ya Kiebrania kama nilivyofanya mimi na baba balikuya. Lakini kabla sijasema alikuwa amekwisha kufunua mbele, akafika kwenye habari ya mnara wa Babeli, akamsogezea fundi kitabu kwa sababu macho yake hayaoni vizuri usiku.

"Soma vitenzi tu," akamwambia. "Vya Mungu."

Fundi akaisogeza taa karibu, akaweka kidole kwenye sura ya 11, aya ya 5. "Akashuka," akasoma. Akaruka hadi aya ya 7. "Na tushuke. Tuwachafulie." Akaenda ya 8. "Akawatawanya."

"Tena," akasema Nkambo, naye akaanza upya, polepole zaidi.